Jina Kwenye Daftari la Mahudhurio: Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi

Chakula kipo jikoni kinaiva, kwa hiyo asiondoke mtu.

Risala ya kikundi imekwisha kusomwa na Katibu wetu. Mahesabu ya hisa, ya mikopo na ya mfuko wa jamii yamo kwenye kurasa nyingine za kitabu cha kumbukumbu, hatutayarudia. Kamati ilipokaa kupanga siku ya leo tulikubaliana kwamba hotuba hii izungumzie jambo moja tu, ambalo lilitugharimu kuliko mkopo wowote uliochelewa kulipwa. Jambo lenyewe ni mikutano ya kijiji: inavyokwenda, na sisi wakazi tunavyoweza kuingia humo tukasikika. Wengi wetu tuliishia darasa la saba, na wapo ambao hata hilo la saba hawakulifikia. Kwa hiyo hatusemi kama wataalamu wa sheria. Tunasema kama watu waliokwisha kuungua.

Tulipoanza mwaka 2015 tulikuwa akina mama 18 chini ya mwembe. Sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wasio ndugu. Mnajua tunavyoendesha mkutano wetu. Anayechelewa analipa faini. Pesa inahesabiwa mbele ya macho ya wote, na kabla ya kufungua sanduku tunakumbushana salio la wiki iliyopita. Hakuna mtu anayethubutu kusema "nilitoa hisa tatu" kama daftari linasema mbili. Sasa ajabu ni hii: sisi sisi tulio wakali namna hiyo kwenye kikundi, tukifika kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji tulikuwa tunakaa pembeni, tunasuka ukili, tunapiga makofi wengine wakipiga, halafu tunarudi nyumbani.

Mwaka 2017 tulikuwa tumejiwekea akiba ya kununua mashine ya kukoboa na kusaga. Tukaomba kiwanja kile cha karibu na bomba la maji, pale barabarani kunakopita watu wa gulio. Jambo lile lililetwa mkutanoni mwishoni kabisa, watu wameshachoka. Mwenyekiti wa wakati ule, ambaye si huyu tuliye naye leo, akauliza, "Akina mama wapewe, nani anapinga?" Hakuna aliyepinga. Tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Tukaenda kufyatua tofali.

Mwaka 2019 asubuhi moja mwenzetu alikwenda kuchota maji akakuta vijana wanachimba msingi pale pale. Si msingi wetu. Alikimbia na ndoo tupu kuja kutuambia. Tukaenda ofisini kwa kijiji, watu 20 na zaidi, kila mmoja anaongea. Mtendaji wa wakati ule alitusikiliza mpaka tukamaliza, akafungua kabati, akatoa faili la mihtasari. Akatusomea ya mwaka 2017. Tukasubiri kusikia kiwanja. Kilichoandikwa, kwenye sehemu ya mengineyo, kilikuwa ni mstari mmoja: akina mama wa kikundi walitoa shukrani kwa uongozi.

Basi. Shukrani.

Tukasema haiwezekani, ardhi haiwezi kutolewa hivi hivi. Mmoja wetu alikuwa amesikia kwenye semina kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, hairuhusu Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi ya kijiji bila kwanza kupata kibali cha Mkutano Mkuu. Na hiyo ni kweli, ndivyo sheria inavyosema. Mtendaji akasema, "Kibali kipo," akatoa muhtasari mwingine, wa miezi michache nyuma, unaosema Mkutano Mkuu umeridhia kiwanja apewe mfanyabiashara fulani ajenge maduka. Tukasema mkutano huo ulikuwa wa watu gani? Akatoa daftari la mahudhurio. Ndugu zetu, humo mlikuwa na majina 11 ya wanachama wetu. Na saini zao. Hazikuwa za kughushi. Zilikuwa za kwetu wenyewe.

Mambo yalikwenda hivi. Mkutano ulitangazwa uanze saa nne asubuhi. Tulifika saa nne, tukaandika majina, tukakaa. Akidi haijatimia, tusubiri. Saa tano, saa sita. Ilipofika saa saba na mkutano ndio kwanza unafunguliwa, watoto wanarudi shule, sufuria haijainjikwa, mmoja mmoja tukanyanyuka. Habari ya kiwanja ililetwa saa tisa. Tulikuwa jikoni, lakini kwenye daftari tulikuwa mkutanoni, tumeridhia.

Hatutaki kusema tulifanyiwa hila. Labda ilikuwepo, labda haikuwepo. Tunachosema ni kwamba mlango tuliuacha wazi sisi wenyewe. Tangu siku ile kwetu ni mwiko mwanachama kuandika jina kwenye mahudhurio halafu akaondoka bila kumwambia Katibu wa mkutano amwandike kwamba ametoka, na saa aliyotoka.

Baada ya hapo tulimtafuta mwalimu mmoja mstaafu, tukamwomba atufundishe mkutano. Alicheka. Akasema, mkutano mnaujua, mnaufanya kila wiki na sanduku lenu, nendeni tu mkaufanye huo huo kule. Halafu akakaa nasi jioni tatu, na haya tunayowaeleza sasa mengi ni yake.

Kwanza tujue nani ni nani, maana watu wengi wanachanganya. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni sisi wote: kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18. Hauangalii chama, hauangalii dini, hauangalii kama ulizaliwa hapa au uliolewa hapa. Tunalisema hili kwa sababu wapo wadogo zetu walioolewa kutoka mbali wanaodhani mkutano ni wa wenye kijiji. Wenye kijiji ndio ninyi. Na mwalimu aliyepanga chumba hapa, akikaa kama mkazi, naye ni mjumbe. Mkutano huu ndio wenye mamlaka ya juu katika kijiji, na unatakiwa kukaa angalau mara moja kila miezi mitatu. Halmashauri ya Kijiji ni kitu kingine. Hiyo ni ya wajumbe tuliowachagua, hawapungui 15 wala hawazidi 25, wakiwemo wenyeviti wa vitongoji, na wanawake wasipungue robo. Wao wanakaa kila mwezi, wanaandaa mambo, wanasimamia. Wana kamati zao: ya fedha, uchumi na mipango, ya huduma za jamii na shughuli za kujitegemea, na ya ulinzi na usalama. Mtendaji wa Kijiji ni mwajiriwa, si wa kuchaguliwa. Yeye ndiye katibu, ndiye anayeandika na kutunza mihtasari. Mambo haya yamo kwenye Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 inayohusu serikali za mitaa katika wilaya, na marekebisho yake. Kwa wenzetu wanaoishi mijini, badala ya kijiji wana mtaa, na Mkutano Mkuu wa Mtaa.

Sasa mkutano wenyewe. Unafunguliwa, ajenda zinasomwa na kukubaliwa, halafu unasomwa muhtasari wa mkutano uliopita ili uthibitishwe. Hapo ndipo penye kufuli, jamani. Watu wengi wanaona ni mahali pa kusinzia. Mwenyekiti anauliza, "Muhtasari usomwe, au tuuchukue kama ulivyosomwa?" na sauti kutoka nyuma zinajibu, "Tuendelee!" Ukisema tuendelee umeshathibitisha usichokisikia. Baada ya hapo linafuata la yatokanayo, yaani yaliyoagizwa mkutano uliopita yamefikia wapi. Halafu ajenda zenyewe, taarifa ya mapato na matumizi, na mwisho mengineyo. Na mengineyo, wenzetu, tunayajua. Jua limezama, mwenyekiti ana njaa, katibu ameshafunga kalamu. Ukitaka jambo lako life salama, lipeleke kwenye mengineyo.

Sisi mkutano uliofuata tulikwenda wote. Tulikuwa tumepika usiku. Watoto tuliwaacha kwa wawili wetu, kwa zamu. Mkutano ulipofika kwenye muhtasari tukasimama tukaomba usomwe wote, neno kwa neno. Akina baba wengine waliguna. Ukasomwa. Tukasema, sisi 11 tulikuwa tumekwisha kuondoka, tunaomba iandikwe hivyo. Tukauliza pia, waliokubali walikuwa wangapi na waliokataa wangapi? Haikuandikwa. Mabishano yalikuwa makali, na kuna maneno yaliyosemwa siku ile ambayo hatutayarudia mbele ya wageni.

Wapo waliolipa zaidi. Mwenzetu mmoja, ambaye yupo hapa na ametupa ruhusa tuseme, mume wake alikuwa mjumbe wa Halmashauri ya Kijiji iliyopeleka jambo lile. Alisimama akasema mbele ya watu kwamba kura hazikuhesabiwa. Usiku ule alilala kwa mama yake, na akalala huko siku tatu. Wazee walikaa, mambo yakaisha, na huyo mume leo amekuja, amekaa pale kwenye benchi la pili na shati jipya. Tunamshukuru. Lakini tusidanganyane kwamba kusema mkutanoni ni bure kwa mwanamke. Anayesema mkutanoni anarudi nyumbani kwa mtu. Ndiyo maana siku hizi jambo la kikundi halisemwi na mmoja peke yake, tunasimama watatu, na la kwanza tunalosema ni, "Tumetumwa."

Mtauliza, je, kiwanja tulikirudisha? Hapana. Mfanyabiashara alikuwa ameshajenga mpaka kwenye renta, na alikuwa ana karatasi. Mkutano uliamua aendelee, na kikundi kipewe kiwanja kingine nyuma ya ghala. Ndipo mashine ilipo leo. Ninyi mnaotuletea mahindi mnajua masika pale pakoje. Mtu anateleza na debe kichwani. Maji ya bomba yako mbali. Hesabu tuliyoifanya ni kwamba wateja wa siku ya gulio wengi wanaishia barabarani, hawapandi kule juu. Kwa hiyo tulishindwa, au tuseme tulishinda robo. Ila safari hii tulikaa mpaka mwisho, tukahesabu mikono iliyonyooshwa, tukaomba uamuzi usomwe kabla mkutano haujafungwa, na wiki iliyofuata tulikwenda kuomba nakala yenye muhuri. Ile nakala iko ndani ya sanduku, pamoja na pesa. Mshika funguo akifungua anaiona kila wiki.

Kuna jambo jingine tulijifunza polepole: jambo zito linaanza kabla ya mkutano. Tunaandika barua kwa Mtendaji mapema, wiki mbili au tatu kabla, kuomba jambo letu liwe ajenda. Tunaandika nakala mbili, moja anagonga muhuri wa kupokea, tunabaki nayo. Barua haihitaji Kiswahili cha magazetini. Ya kwanza tuliyoandika ilikuwa na mistari sita na makosa manne, na ilifanya kazi. Na kabla ya hapo tunalipeleka kwenye mkutano wa kitongoji, kwa sababu mwenyekiti wa kitongoji anaingia kwenye Halmashauri ya Kijiji. Kama ameshalielewa, atalitetea huko ambako sisi hatupo. Anayedhani mambo yanaamuliwa siku ya Mkutano Mkuu tu, huyo bado.

Kwenye mapato na matumizi tulikuwa waoga zaidi, maana mtu akitaja ushuru tu anaambiwa ana siasa. Lakini taarifa ile ni yetu, inatakiwa kusomwa kwetu kila robo mwaka na kubandikwa kwenye ubao. Mwaka 2022 tuliuliza swali moja, kwa upole: ushuru wa gulio umeingia kiasi gani miezi hii mitatu na umefanya nini? Hatukumtuhumu mtu. Jibu halikuwepo siku ile, tukaomba iandikwe kwamba litaletwa mkutano ujao, na kwenye yatokanayo likaletwa. Choo kile cha gulioni, chenye mlango unaofungwa, kilianzia kwenye swali hilo. Swali lenye ukali lingeleta ugomvi; swali lenye tarehe na miezi lilileta choo.

Juu ya kijiji kuna kata, na hapo tuna Kamati ya Maendeleo ya Kata. Ndugu Diwani ndiye mwenyekiti wake, Mtendaji wa Kata ni katibu, na wenyeviti wa vijiji wote vya kata ni wajumbe. Mipango ya vijiji inapita hapo kwenda wilayani, kwenye Baraza la Madiwani. Huko wapo madiwani wa kata, madiwani wa viti maalum, na wabunge, na Mkurugenzi ndiye katibu. Baraza nalo linakaa kila baada ya miezi mitatu, na jambo ambalo sisi hatukulijua kwa miaka yote ni kwamba mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza, isipokuwa pale baraza linapoamua jambo lijadiliwe faragha. Hutasema, lakini utasikia. Mara moja tulituma wawili wetu kwa nauli ya mfuko wa jamii. Walirudi wakasema ukumbi una feni, na kwamba kata yetu ilitajwa mara moja tu, kwa kukosea jina. Tulicheka, lakini Ndugu Diwani anajua kwamba siku hizi tunamuuliza kabla hajaenda: safari hii unatubebea nini?

Na majira yana maana. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1. Bajeti ya wilaya inaandaliwa miezi mingi kabla ya hapo. Ukisimama mwezi wa Juni kuomba daraja, unaomba daraja la mwaka kesho kutwa. Sisi tunakaa mwezi wa Oktoba, tukimaliza hesabu za kikundi, tunapanga ni jambo gani moja la kijiji tutalisukuma, moja tu.

Kwa nini kikundi cha akiba na mikopo kijisumbue na haya? Wapo waliotuuliza, hata wanachama wawili walijitoa kwa sababu hiyo, walisema walikuja kuweka hisa na si kufanya serikali. Tunawaheshimu. Lakini tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa ili utaratibu urekebishwe, na mwaka 2024 ikarudishwa. Asilimia 10 ya nini? Ya mapato. Mapato yakivuja, yetu yanavuja. Kwa hiyo swali la ushuru wa gulio na swali la mkopo wetu ni swali hilo hilo. Na fomu ya mkopo inataka kikundi kinachotambulika na barua za viongozi wa hapa hapa, ambao tunakutana nao mkutanoni.

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 wawili wetu waligombea ujumbe wa Halmashauri ya Kijiji wakapata. Tuliwapa masharti kabla: mtatueleza kila mwezi yanayozungumzwa, yasiyo ya siri. Mmoja anatueleza vizuri. Wa pili anasahau, na kwa kuwa yupo hapa anacheka sasa hivi, tunamkumbusha kwamba tunamsubiri Alhamisi.

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, tuna ombi moja kwako, na tunalisema mbele ya Mgeni Rasmi kwa makusudi. Mkutano ukitangazwa saa nne uanze saa nne, au utangazwe saa tisa alasiri tuwe tumemaliza kazi. Ule muda wa kusubiri akidi ndio unaowatoa wanawake mkutanoni, wala si kutokujali. Barua ya ombi hili tulishamletea Ndugu Mtendaji, tarehe ya muhuri tunayo, na ametuambia limewekwa ajenda ya nne. Ya tano ni mtaro wa kwenda kwenye mashine, ili masika ijayo mtu asivunje mguu na mahindi yake.

Mkutano ni Jumamosi ijayo, tangazo liko kwenye ubao wa ofisi. Zamu ya kulea watoto ni ya wale wa benchi la kwanza. Leteni maji ya kunywa na mkeka, na ambaye hajui kuandika akae karibu na anayejua.

Chakula sasa kimeiva.